Kijani Peke Yake Hakitoshi: Kupima Uoto wa Asili Katikati ya Mashamba

Mwenye shamba akinionyesha kichaka chake na kuniambia kimestawi, kwanza mimi huinama. Natafuta miche. Miti mikubwa yaweza kusimama miongo mingi ilhali kichaka hakizai tena: mifugo imekula kila chipukizi, na siku wazee hao wakianguka hakuna wa kushika nafasi yao. Ukihesabu aina za miti tu, hutaliona hilo.

Kwa hiyo tunapima hali ya uoto pia. Unatenga kipande, tuseme mita 20 kwa 20, unaandika kama nyasi, vichaka na miti vyote vipo, majani makavu yamefunika kiasi gani cha ardhi, mimea vamizi imeshika wapi, na kama kuna miti yenye mashimo na magogo yaliyolala. Gogo linalooza, ambalo wengi huliona kuni tu, ni makazi ya mende, mijusi na kuvu. Kisha unalinganisha na eneo la uoto wa aina hiyo hiyo ambalo halijavurugwa sana. Katika jimbo la Victoria, Australia, wazo hilo lilizaa kipimo kinachozidisha ukubwa wa eneo na alama ya ubora wake: hekta 10 zenye nusu ya ubora huhesabiwa kuwa 5.

Setilaiti nazo husaidia, hasa eneo likiwa pana. Sentinel-2 za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huona vipande vya mita 10 kwa 10, na kwa kulinganisha mwanga mwekundu na wa infraredi, usioonekana kwa macho, tunapata kipimo cha ukijani, NDVI. Tatizo ni kwamba lantana, kichaka vamizi kilichosumbua malisho Afrika, Asia na Australia, nayo ni kijani kibichi.

Ndege wanaoishi kichakani nao huhesabiwa asubuhi mapema, mtu akisimama pale pale kwa dakika 10 hivi. Ila ndege ni msafiri; kumwona si ushahidi kwamba anazaliana hapo.

Asiye na vifaa apigilie kigingi, apige picha kutoka hapo kila mwaka, upande ule ule, msimu ule ule. Akibadilisha msimu, atakuwa amepima mvua. Na akiweza, azungushie ua kipande kidogo mifugo isiingie, kisha baada ya misimu michache ahesabu miche ya ndani na ya nje.