Kukwepa daktari, kwa maana ya marubani

Rubani wa Marekani ana karatasi mbili: leseni na cheti cha afya. Leseni haiishi muda, cheti kinaisha. Nahodha wa ndege ya abiria aliyefika miaka 40 hurudi kwa daktari kila miezi 6, na akinyimwa cheti, harushi ndege.

Daktari atapima macho, masikio, presha na mkojo. Sonona haionekani kwenye mkojo. Kwa hiyo, upande wa akili, sehemu kubwa ya kipimo ni maneno ya rubani mwenyewe katika fomu namba 8500-8 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko. Kipengele cha 18 kinauliza kama umewahi kuwa na tatizo lolote la akili, sonona na wasiwasi vikiwemo. Umewahi maishani, siyo mwaka huu. Cha 19 kinataka utaje wahudumu wa afya uliowaona katika miaka 3 iliyopita. Ukidanganya kwa makusudi, faini inafika dola 250,000 na kifungo miaka 5.

Kukwepa daktari kunaanzia hapo. Mtu halali usiku, lakini haendi hospitali. Au anamuuliza rafiki yake daktari pembeni, pasiandikwe kitu. Au anameza dawa na fomu anaijaza "hapana". Katika utafiti uliochapishwa 2022, kati ya marubani 3,765 wa Marekani waliojibu, asilimia 56 walikiri kuwahi kukwepa kwa namna fulani, kwa kuhofia cheti.

Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kweli, ila methali hiyo haikumfikiria mtu ambaye akitaja maradhi tu anaweza kusimamishwa kuruka.

Hadi 2010, kutumia dawa ya sonona kulimfungia rubani wa Marekani mlango. Mwaka huo FAA ikaruhusu dawa 4, kwa masharti: kwanza mgonjwa akae imara kwenye dawa miezi 12, muda uliopunguzwa baadaye, kisha apite kwa wataalamu wa akili na vipimo vya kumbukumbu na umakini. Muda wote huo yuko chini. Yaani aliyetibiwa anakaa benchi, na aliyenyamaza anaendelea kuruka. Mimi abiria ningependa kinyume chake.

Anayetetea ukali atakutajia Germanwings, shirika la ndege la Ujerumani. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa shirika hilo aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Alps, Ufaransa, wakafa watu wote 150. Alikuwa amewaona madaktari kadhaa na mwajiri wake hakuambiwa. Hofu ya abiria ina msingi. Lakini wachunguzi wa Ufaransa hawakuishia kudai vipimo zaidi. Waliona pia kwamba kijana huyo alikuwa na deni la masomo ya urubani na hakuwa na bima ya kumfidia kipato chote endapo angepoteza leseni. Wakapendekeza marubani wawe na wenzao wa kuzungumza nao, na makali ya kupoteza leseni yapunguzwe. Tangu 2021, Umoja wa Ulaya unayalazimisha mashirika ya ndege kuwa na mpango wa marubani kusaidiana. Pendekezo la pili ni gumu zaidi, maana linagusa mfuko: nani amlipe rubani mshahara miezi anayokaa chini akitibiwa?