Uhamaji wa kemikali kutoka kwenye vifungashio

Kwenye barabara ya Dodoma kwenda Singida, mafuta ya alizeti huuzwa pembeni mwa njia kwenye madumu na chupa zilizokuwa za maji, yakipigwa na jua kutwa. Mnunuzi huangalia rangi, hunusa, hubishana bei. Kuhusu chombo, haulizi.

Uhamaji wa kemikali ni pale viambata vya kifungashio vinapotoka na kuingia kwenye chakula kinachogusana nacho. Plastiki huongezewa kiwandani vitu vya kuilainisha, kuipa rangi au kuikinga na jua, na katika chupa za PET, plastiki angavu ya chupa za maji, hubaki pia masalia ya antimoni, kichocheo kinachotumika kuitengeneza. Visivyofungamana sawasawa na plastiki ndivyo vinavyotoka. Joto na muda huongeza kasi, na viambata vingi huyeyuka kwa urahisi zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Karatasi nayo haijasalimika: wino wa gazeti lililofungia mihogo ya kukaanga huhamia kwenye mihogo, hasa ikiwa ya moto.

Watafiti hupima hili kwa vimiminika vinavyosimama badala ya chakula: asidi ya siki, maji yenye alkoholi, au mafuta ya mimea. Kwa chombo cha kuhifadhia chakula muda mrefu, kipimo cha Ulaya ni siku 10 katika nyuzi joto 40. Vyote vilivyohama kwa pamoja visizidi miligramu 10 kwa kila desimeta ya mraba ya kifungashio. Lakini jumla ndogo inaweza kuficha kiambata kimoja kibaya, hivyo vingi vina ukomo wake peke yake. Bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea baadhi ya plastiki ngumu, ilikuwa na ukomo wa namna hiyo. Mwaka 2024 Ulaya ikaamua kuipiga marufuku kwenye vifaa vinavyogusa chakula.

Kwa hiyo swali la “plastiki ni salama?” halina jibu mpaka useme plastiki gani, imebeba nini, wapi, kwa muda gani. PET hutumiwa na viwanda kufungia mafuta ya kula, na mimi chupa safi ya maji hainitishi sana. Linalonitisha ni dumu lisilojulikana lilikotoka. Plastiki ya madumu hunyonya kilichomo. Likiwahi kubeba kiuatilifu, sabuni haiondoi kilichozama ndani ya kuta zake, na baadaye mafuta hukivuta nje.

Hapa ndipo usalama na mazingira vinapogongana. Tangu Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, mingi ya mifuko mbadala sokoni ni ya polipropilini, ambayo ni plastiki vilevile, tena nzito zaidi. Nafuu ya mfuko kama huo kwa mazingira hutegemea umeutumia mara ngapi. Dumu ni hivyohivyo: kulijaza tena kunapunguza taka na moshi wa jalalani, ila kwa chakula inabidi historia yake ijulikane, kama dumu la nyumbani linalorudi kwa mkamuaji yuleyule kila msimu.