Kikokotoo, TASAF na majibu ya waziri bungeni: tunayoamini na yalivyo

Bunge likikaa Dodoma, kipindi cha maswali cha asubuhi hukatwa vipande na kuzagaa WhatsApp kabla ya mchana. Kipande kifupi kinamwonyesha naibu waziri akisema Serikali "imepokea ushauri", na jioni mstaafu anapigiwa simu na mwanawe kwamba pesa imeongezwa. Wanaoumia kwa tafsiri hizi za haraka ni watu wasio na akiba nyingine, ndiyo maana nimeona nizipitie zile ninazozisikia zaidi.

"Waziri akishasema bungeni, ndiyo imepita"

Haijapita. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na ibara ya 53 inawafanya mawaziri wawajibike bungeni kwa pamoja. Kwa hiyo waziri anawajibika kujibu, jibu linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mbunge anaweza kumrejesha kwenye maneno yake hata mwaka kesho. Hilo si jambo dogo. Lakini jibu lenyewe halibadilishi kiwango cha pensheni wala cha ruzuku. Malipo hubadilika pale sheria inaporekebishwa, kanuni zinapotungwa upya na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, au fungu la bajeti linapoongezwa. Ukimsikiliza waziri, tega sikio hapo. "Serikali inaendelea kufanya tathmini" haina tarehe wala fungu. "Kanuni zitaanza kutumika tarehe fulani" ni habari nyingine kabisa.

"Waziri anashtukizwa na swali"

Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, na jibu huandaliwa na wataalamu wa wizara. Jipya kwa waziri ni maswali ya nyongeza, ambayo lazima yatokane na jibu alilolitoa. Ya papo kwa papo ni yale anayoulizwa Waziri Mkuu siku ya Alhamisi. Basi waziri akisoma jibu lisilo na takwimu hata moja kuhusu mafao, tusimtetee kwamba hakupewa muda.

"Kikokotoo cha asilimia 33 kilipigiwa kura na wabunge"

Walichopitisha wabunge ni Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma ya mwaka 2018, iliyounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Hesabu yenyewe ya mafao, yaani kikokotoo, iliachwa kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na waziri. Ndiyo maana imekuwa ikibadilika bila muswada wa kikokotoo kujadiliwa bungeni. Kanuni za 2018 zilileta mkupuo, yaani malipo ya mara moja mtu anapostaafu, wa asilimia 25, watumishi wakapaza sauti, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza utaratibu wa zamani, ambao baadhi walipata asilimia 50 na wengine 25, urudi kwa kipindi cha mpito. Julai 2022 ikaja asilimia 33 kwa wote. Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba akatangaza asilimia 40 kwa watumishi waliokuwa wameshushwa kutoka 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wamepandishwa kutoka 25.

Wabunge hawana mikono mitupu hapa. Kanuni huwasilishwa bungeni na ipo Kamati ya Sheria Ndogo yenye kazi ya kuzichambua. Ila uchambuzi huo hufanyika kanuni zikiwa zimeshaanza kutumika, na kwa jambo linaloamua uzee wa maelfu ya walimu, wauguzi na askari, naona huko ni kuchelewa mno.

"Ile asilimia 67 imechukuliwa na Serikali"

Haijachukuliwa. Ndiyo inayobaki mkupuo wa asilimia 33 ukitolewa, na inalipwa kidogo kidogo kama pensheni ya mwezi mpaka mstaafu atakapofariki. Tuchukue mwalimu aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, ambaye mshahara unaotumika kwenye hesabu ni shilingi 1,000,000. Kwa mwaka ni 12,000,000. Zidisha kwa 360, gawanya kwa 580, kigawanyo kilichowekwa na kanuni, unapata pensheni ya mwaka ya takriban 7,448,000. Asilimia 33 ya hiyo, ukizidisha kwa 12.5, kizidisho cha kanuni hizohizo, ndiyo mkupuo wake: kama shilingi 30,724,000. Asilimia 67 iliyobaki, ukiigawa kwa miezi 12, inampa karibu 415,900 kila mwezi. Kwa asilimia 40, vigezo vingine vikibaki vilevile, mkupuo unakuwa kama 37,241,000 na pensheni ya mwezi karibu 372,400.

"Basi wanaolalamika hawajui hesabu"

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, na husemwa na wasomi. Mwalimu yuleyule angestaafu chini ya PSPF ya zamani angegawiwa kwa 540 badala ya 580, angezidishiwa kwa 15.5 badala ya 12.5, na angechukua nusu. Mkupuo wake ungekuwa shilingi 62,000,000, na pensheni ya mwezi 333,300 hivi. Tofauti ya mkupuo ni zaidi ya milioni 31. Nyongeza ya mwezi ni kama 82,500. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo la mkupuo anahitaji miaka zaidi ya 31, na amestaafu akiwa na 60.

Kwa hiyo kilichopungua si asilimia peke yake. Vigezo viwili vingine navyo viliguswa, na hivyo havikuzungumzwa sana kwenye majibu. Ni kweli pia kwamba wanachama wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, na wa PPF walikuwa wakipata mkupuo wa asilimia 25, na kwao 33 ilikuwa nafuu. Serikali ilisema hivyo na haikudanganya. Lakini mwalimu aliyekwishaahidi kumalizia nyumba na kulipa ada ya chuo kwa ule mkupuo hafarijiki kwa kuwa mwenzake wa kampuni binafsi ameongezewa. Alikuwa amejipanga kwa utaratibu alioajiriwa nao.

"TASAF ni haki ya kila mzee, mbunge akikuandika unaingia"

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaotoa ruzuku, inalenga kaya maskini, na umri peke yake haukuingizi. Majina huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, kisha kaya hujaziwa dodoso na kuhakikiwa. Mbunge hana kalamu kwenye orodha hiyo. Anachoweza ni kuuliza bungeni kwa nini vijiji fulani vimerukwa, na maswali ya namna hiyo yamekuwa mengi. Bibi aliyerukwa akaanzie kwa mwenyekiti wa kijiji na mratibu wa TASAF wa halmashauri.

Pensheni ya kila mzee, aliyewahi kuajiriwa na asiyewahi, ipo Zanzibar. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara haina mpango wa namna hiyo.

"Mbunge wetu angetaka, angepeleka muswada wa pensheni ya wazee"

Ibara ya 99 inamzuia. Jambo la kuagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina halishughulikiwi na Bunge mpaka liletwe kwa pendekezo la Rais kupitia waziri. Mbunge wa kawaida hawezi kuandika muswada unaoamuru kila mzee alipwe, hata akiungwa mkono na ukumbi mzima.

Kilicho mikononi mwake ni bajeti ya wizara. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri na kudai maelezo kabla fungu halijapita. Hapo waziri hasomi jibu lililoandaliwa mapema. Anasimama kueleza lini, kiasi gani na kwa fungu lipi, na wabunge wenzake wanaweza kuinuka kuunga mkono shilingi ishikwe. Kama unataka kumpima mbunge wako kwenye mafao, tafuta video ya siku hiyo.