Mlio wa mgongo si mfupa uliorudi mahali pake

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba mgongo ukinyooshwa kwa mikono ukalia "ko!", pingili iliyohama imerudi na umepona. Sivyo. Mlio huo hutokana na gesi iliyo kwenye ute wa kiungo. Vuta kidole chako hadi kialike: hakikuwa kimeteguka, ila kimelia. Kirudie papo hapo. Kitanyamaza kwa kama dakika 20.

Tafiti zinaonyesha tiba hii ya kunyoosha mgongo kwa mikono hupunguza kiasi maumivu ya kiuno, takriban sawa na mazoezi. Nafuu ni ya kweli, na kwa kuwa hufuata mlio, watu huuamini mlio.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mwenye ganzi ya miguu au mkojo uliokataa kutoka anaweza kungoja "ko!" badala ya kukimbilia hospitali.