Maisha ya pili ya wimbo: jinsi "We Will Rock You" ulivyohama kwa wenyewe

Piga mguu chini mara mbili, kisha kofi moja. Nyamaza kidogo, rudia. Ukianza hivyo kwenye mzunguko pale Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, huna haja ya kumfundisha aliyekaa pembeni yako. Ataingia mwenyewe, na wa nyuma yake pia. Wengi wao hawajawahi kuisikiliza rekodi hiyo hadi mwisho, na wapo wasiojua kwamba mapigo hayo yana mtunzi.

Hali hiyo ndiyo maisha ya pili ya wimbo. Wimbo, au kipande chake tu, unaendelea kutumika mbali na rekodi, mbali na mwimbaji, na mara nyingi mbali na maana yake ya kwanza.

Tusichanganye na zilipendwa. Kibao cha bendi ya Mlimani Park kikipigwa kwenye baa ya Area C, watu wanakipenda vilevile kilivyorekodiwa. Wanamtaja mwimbaji, wanajua magitaa yanaingia wapi, na DJ akikikatisha njiani watanung'unika. Hicho kingali kwenye maisha yake ya kwanza, ila kimezeeka vizuri.

"We Will Rock You" ni wa kundi la Queen la Uingereza. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na Watanzania hatuachi kulikumbushia hilo. Lakini wimbo huu uliandikwa na mpiga gitaa, Brian May. Mwaka 1977 kundi lilipiga onyesho Bingley Hall, mjini Stafford, na lilipomaliza watazamaji hawakuondoka. Wakawaimbia wanamuziki "You'll Never Walk Alone", wimbo ambao nao ulizaliwa kwenye mchezo wa kuigiza wa nyimbo huko Marekani mwaka 1945, ukaja kuangukia mikononi mwa mashabiki wa Liverpool. May akawaza: watu waliobanana namna hii, wafanye nini ili wawe sehemu ya muziki? Kukanyaga wanaweza, kupiga makofi wanaweza, na kuimba wanaweza.

Basi akaandika wimbo wa mambo hayo matatu. Walirekodi katika studio ya Wessex jijini London, jengo lililokuwa la kanisa zamani, wakikanyaga mbao na kurudia tena na tena, kisha sauti zikapandishwa moja juu ya nyingine. May alikuwa amesoma fizikia (shahada ya uzamivu ya elimu ya anga aliimalizia baadaye sana, mwaka 2007), akajua kuzichelewesha sauti hizo kwa vipimo tofauti ili sikio lisisikie mwangwi bali umati. Hakuna ngoma za kawaida, hakuna gitaa la besi. Gitaa lenyewe linasubiri hadi mwishoni. Dakika mbili na ushee, kwisha.

Ugogoni jambo hili halihitaji mhadhara. Wimbo wa Kigogo hubebwa na watu: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia kwa sauti zinazopishana, njuga zinalia miguuni, na kwenye muheme, mchezo wa ngoma wa wanawake, kina mama wanazibana ngoma mapajani. Lakini fikiria pia upande wa pili. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyetokea kijiji cha Doduma, aliupeleka muziki wa zeze (ala ya nyuzi) na ilimba (ala inayopigwa kwa vidole gumba) hadi majukwaa ya Ulaya, na bado upigaji wake haukugeuka kelele za uwanjani. Usingeweza. Ule ni ufundi wa mtu mmoja, na mashabiki elfu kadhaa hawawezi kuukopa wakauendesha wenyewe. Kwa hiyo kinachohama si lazima kiwe kipande bora kuliko vyote. Ni kile ambacho asiye fundi anakiweza bila chombo.

Hata "Seven Nation Army" wa kundi la Marekani la The White Stripes, wa mwaka 2003, ulihama hivyo. Mashabiki wa Club Brugge, timu ya Ubelgiji, waliubeba mjini Milan mwaka huohuo, mashabiki wa Roma wakauchukua kwao, na Kombe la Dunia la 2006 Italia nzima ikawa inauimba. Wanachoimba ni noti saba za gitaa, "o" tupu. Mashairi yamebaki kwenye albamu.

Na mashairi ndiyo huumia zaidi. "We Will Rock You" una beti tatu: mtoto anayepiga kelele mtaani, kisha kijana anayetamba, kisha mzee fukara anayetafuta amani. Ukiusoma kwa utulivu hauna mshindi hata mmoja. Uwanjani beti hizo hazifiki. Kinachofika ni kiitikio na vishindo, na kwa hivyo wimbo wenye huzuni yake umekuwa wa kutishia timu pinzani.

Maisha ya pili hayaishii kwenye mpira, wala hayakuanza na roki. Wimbo wa taifa unaopigwa Rais anapofika Bungeni hapa Dodoma una sauti iliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg. Alitunga wimbo wa dini. Leo sauti hiyo ni ya taifa kwetu na Zambia, na Afrika Kusini ni sehemu ya wimbo wao wa taifa.

Kuna tofauti moja ya kuzingatia. Kampuni ya Pepsi ilipoutumia wimbo wa Queen mwaka 2004 kwenye tangazo la Beyoncé, Britney Spears na Pink wakiwa wamevaa kama wapiganaji wa Roma ya kale, hayo yalikuwa matumizi ya biashara, na matumizi ya namna hiyo yanahitaji ruhusa na malipo kwa wenye haki. Sherehe za kufunga Olimpiki ya London mwaka 2012 ziliwapandisha jukwaani May na mpiga ngoma Roger Taylor wenyewe, wakiwa na Jessie J. Shabiki wa mzunguko anayekanyaga saruji mara mbili na kupiga kofi moja halipi chochote zaidi ya tiketi yake.