Gari la zamani likichemsha, iacheni themostati

"Ng'oa themostati, maji yapite bure." Kila gari la zamani la michezo linapochemsha, kuna anayetoa ushauri huu, na unaua injini. Chukua Jaguar yenye injini ya XK. Themostati yake ya asili, yaani vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto, ina sketi: mlango wa kwenda rejeta ukifunguka, sketi huziba tundu la njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu. Ukiing'oa, tundu hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kuigusa rejeta. Themostati ya kisasa isiyo na sketi huleta kasoro hiyohiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni watetezi wa themostati wanaodai kwamba bila yake maji hupita haraka mno, hayapati muda wa kupoa. Si kweli! Maji yanazunguka. Yakikaa muda mfupi kwenye rejeta, yanakaa muda mfupi kwenye hedi (kichwa cha injini) pia, na kurudi kupozwa mapema. Tena kasi huvuruga utando wa maji tuli unaoshika kuta za mirija, joto likahama vizuri zaidi. Sababu ya kweli ya kwanza ya kuiacha themostati ni ile njia ya mkato. Ya pili ni kwamba themostati hubana maji kidogo, shinikizo likapanda ndani ya bloku (mwili wa injini) na kuzuia mapovu ya mvuke karibu na vali za ekzosi. Hii ya pili naipa uzito mdogo kuliko vitabu vinavyoipa: injini ikiwa sailensi, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, pampu haisukumi kiasi cha kuleta tofauti kubwa.

Themostati ya nyuzi 74 za Selsiasi badala ya 82 hufunguka mapema tu. Haiongezi uwezo wa rejeta. Mfuniko wa rejeta wa psi 13 (kipimo cha shinikizo) badala ya 7 nao haupozi. Huchelewesha maji kuchemka kwa takriban nyuzi 1.5 kwa kila psi, huku mishono ya zamani ya rejeta ikibeba mzigo mpya.

Uliza linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni, tatizo ni hewa: weka kava la kuizunguka feni, mapanga yaingie ndani yake karibu nusu ya upana wao, kisha ziba kwa sponji mianya yote kando ya rejeta. Feni ya umeme ikae nyuma ya rejeta, ivute. Likichemsha kwenye mwendo mkali, pima uso wa rejeta kwa kipimajoto cha infraredi. Mabaka ya baridi ni mirija iliyoziba. Pandisha injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika ukitazama hosi ya chini ya rejeta: ikinywea, springi yake ya ndani imeoza au haipo. Angalia taimingi (wakati wa cheche ya plagi) pia, kwa maana cheche ikichelewa, moto huishia kwenye njia za ekzosi na kuipasha hedi.

Kabla ya kununua rejeta ya alumini, fungua koki ya kumwagia maji ya bloku. Isipotoa maji, chokoa kwa waya hadi tope lianze kutoka.