Milimita 50 za Mvua: Kabla Hazijafika Stoo Kwako

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotangaza mvua kubwa, inazungumzia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Wengi huipuuza namba hiyo, maana milimita 50 ni kama upana wa vidole vitatu. Hebu tupige hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ghala lenye paa la mita za mraba 400 litapokea lita 20,000, yaani matenki 20 ya lita elfu moja, na yote yanashukia uani kwako. Jirani naye ana paa lake. Mtaro wa mtaa ni mmoja.

Kariakoo, Dar es Salaam, karibu kila kipande cha ardhi kimefunikwa kwa zege, lami au bati, kwa hiyo maji hayana pa kupenya kuingia ardhini. Bonde la Jangwani nalo linapokea Mto Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu ukisomba mchanga na taka hadi baharini karibu na Daraja la Selander. Bahari ikiwa imejaa, mto hukosa pa kutokea kwa haraka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini, na baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Kwa hiyo anayejenga au kupanga fremu bondeni ajue kwamba pale ni njia ya mto, hata kama miezi tisa ya mwaka pamekauka.

Kazi ya kwanza ni kujua kimo. Waulize wazee wa mtaa maji yaliwahi kufika wapi, kisha piga mstari wa rangi ukutani. Chini ya mstari huo pasikae mzigo, soketi, kompyuta wala daftari la madeni. Fundi umeme mwenye leseni ahamishe soketi na swichi kubwa juu ya mstari huo. Mzigo wa chini uwekwe juu ya chaga, na bidhaa zinazoharibika kwa unyevu, kama unga, saruji, dawa na vitambaa, zipande rafu za juu. Angalia pia choo na chemba zilizo ndani ya jengo. Mara nyingi maji machafu hupanda kupitia huko wakati mlango umezibwa vizuri kwa mifuko ya mchanga. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ndiyo dawa yake.

Stoo za chini ya ardhi zinanitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Maji yakifika sentimita 50 nje ya mlango wenye upana wa mita moja, yanausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 120 hivi. Kijana aliyeshuka kuokoa maboksi hawezi kuufungua mlango huo peke yake. Kila mwajiri aweke amri moja isiyojadiliwa: maji yakianza kuingia, hakuna anayeshuka, hata mzigo uwe wa thamani gani.

Kuhusu mitaro, kuna tabia mbili zinazotuumiza. Moja ni kuzibua mtaro na kuuacha mchanga umerundikwa kingoni. Mvua ya kwanza tu inaurudisha ndani. Mchanga uondolewe siku hiyo hiyo. Nyingine ni kumwaga zege juu ya mtaro mbele ya duka ili kupata maegesho, bila kuacha mfuniko wa kufungulia. Taka zikikwama chini ya zege hilo, hakuna jembe linalozifikia, na maji yanarudi kwa majirani wote wa upande wa juu. Kazi hizi zifanyike Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Vuli haipaswi kudharauliwa: ile ya 2023, iliyoambatana na El Niño, ilileta mafuriko sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Wahandisi husema karavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, limejengwa kwa mvua ya miaka 50, na watu hudhani mvua hiyo ikishapita hairudi mpaka nusu karne. Sivyo. Kila mwaka ina nafasi ya asilimia 2 ya kutokea, na ndani ya miaka 30 nafasi hiyo inafika karibu asilimia 45. Anayechukua mkopo wa muda mrefu kujenga ghala aijue namba hiyo kabla ya kusaini.

Soma mkataba wako wa bima sasa, si baada ya maafa. Mara nyingi bima ya moto hailipii mafuriko mpaka kipengele hicho kiongezwe na kulipiwa. Piga picha za mzigo ukiwa mkavu, pamoja na risiti, uzitunze nje ya duka au kwenye simu.

Maji yakishatoka, usiwashe umeme kabla fundi hajakagua, wala jenereta isiwashwe ndani, kwani moshi wake unaua. Piga picha kabla ya kufagia. Chakula na dawa zilizoguswa na maji ya mafuriko zisianikwe juani zikarudi rafuni. Zitengwe, ziorodheshwe na ziteketezwe kwa kufuata maelekezo ya afisa afya.